Aliyetoka Kwenye Foleni Huhesabiwa Wapi?

Shangazi yangu hana alama za vidole. Vidole anavyo, vyote kumi, na ukimkosea adabu atakunyooshea kimoja. Ila amebangua korosho tangu usichana wake kule Kilifi, na mafuta yaliyomo kwenye ganda la korosho hayana huruma: hubabua ngozi, ikaota nyingine, nayo ikababuliwa vilevile. Walikuwa wakijipaka majivu mikononi kabla ya kukaa kitako na kazi, lakini majivu ni majivu. Leo ncha za vidole vyake zimekuwa laini na kung'aa kama komwe za bao zilizopita mikononi mwa wazee wa vizazi viwili.

Siku za kawaida jambo hili halimsumbui. Humsumbua mara moja kila baada ya miaka mitano.

Jumanne ya Agosti 9, 2022, siku ya uchaguzi mkuu wa Kenya, tulitoka nyumbani Kisauni, Mombasa, mimi na yeye, mara tu baada ya swala ya alfajiri. Rasharasha ilikuwa imepita usiku, ardhi bado ina unyevu, na nje ya lango la shule iliyokuwa kituo chetu mama mmoja alikuwa keshateleka karai lake. Shangazi akanunua mahamri manne, akaomba mbaazi zitiwe kwenye mkebe aliokuja nao. "Foleni haina mjomba," akaniambia. Nikacheka. Ilipofika saa tano nilikuwa sicheki tena, na mahamri yalikuwa yamekwisha.

Kituo kimoja cha kura nchini Kenya hakiruhusiwi kuwa na wapiga kura zaidi ya 700, kwa hiyo shule yenye watu wengi hugawanywa vyumba, na watu hugawanywa kwa alfabeti. Sasa, alfabeti ya jina lipi? Wengi wetu Pwani hatuna jina la ukoo la namna wanayoifikiria watengenezaji wa fomu. Mtu ana jina lake, la baba yake na la babu yake, basi. Kijana wa langoni, mwenye fulana ya kung'aa, alimwelekeza shangazi kwa jina lake la kwanza. Tukasogea kikonokono hadi saa mbili kasorobo. Mlangoni karani akapekua karatasi zake, kisha akamrudishia kitambulisho. "Bibi, wewe uko chumba cha tatu. Tunafuata jina la mwisho." Orodha ilikuwa imebandikwa ukutani, sikatai, lakini kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, tena juu kuliko kimo cha mtu wa umri wa shangazi.

Kanuni zinataka wazee, wajawazito na watu wenye ulemavu wapitishwe mbele. Kwenye foleni ya kwanza shangazi alikataa kupitishwa: "Mimi si mgonjwa." Kwenye ya pili hakusema kitu, akapita tu.

Kifaa cha KIEMS, ile mashine ya tume ya uchaguzi ya kumtambua mpiga kura, chenyewe ni kitu kidogo, kama tableti iliyonenepa, kina mahali pa kuwekea kidole. Karani alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, macho mekundu kwa kukesha. Gumba la kulia, kikakataa. La kushoto, kikakataa. Shahada, kikakataa. Akamwambia afute kwa leso yake, akafuta, kikakataa. Wakala wa chama kimoja akashauri ndimu, wa chama kingine akasema mafuta ya nazi ndiyo dawa, na kwa muda wa dakika moja vyama vilivyokuwa vikitukanana miezi sita mizima vikawa na ajenda moja. Shangazi akamgeuzia yule binti kiganja. "Mwanangu, alama zangu nimeziacha kwenye korosho. Hapa huzipati."

"Basi kaa pale kando, Bibi. Tutakuita."

Pale kando palikuwa na madawati mawili ya darasa la kwanza. Pamoja na shangazi walikuwa watu saba, magoti yakiwafika kidevuni: mafundi wawili wa mjengo, mama mpara samaki, dobi, mzee aliyekuwa mgema enzi zake, na mwanamke mmoja aliyesema anafulia watu nguo mtaani. Nilijikuta natazama mikono yao. Simenti hula ngozi, sabuni ya jiki hula ngozi, mnazi hula ngozi. Pale benchini hapakuwa na mwalimu, wala mhasibu, wala mwandishi wa makala. Kidole changu kilisomwa kwa mguso mmoja. Kompyuta haichubui mtu.

Utaratibu wa kidole kikikataa upo, tena si mgumu. Karani huandika nambari ya kitambulisho kwenye kifaa, picha ya mpiga kura hutokea, mawakala wanaitazama picha kisha wanamtazama mwenye uso, Fomu 32A hujazwa, mtu akapiga kura. Ila siku zile za mwisho mahakama zilikuwa zikivutana juu ya sajili ya karatasi, Mahakama Kuu ikiiruhusu na Mahakama ya Rufaa ikisitisha uamuzi huo, na msimamizi wa chumba chetu alikuwa ameyachanganya mambo mawili kichwani: kutumia daftari la karatasi, na kumtafuta mtu kwa nambari ndani ya kifaa kilekile. Aliogopa kuonekana ameiba. Akawa anangojea simu ya mkubwa wake, na mkubwa wake simu ilikuwa na shughuli.

Simlaumu sana. Makarani hawa ni watu wa kibarua cha siku chache, hufunzwa harakaharaka, hulala kituoni na masanduku, na huamka kukabidhiwa nchi nzima ya watu wasioaminiana. Mtu wa hali hiyo akikosea, hukosea upande wa kukataa, maana kukataa hakumpeleki mtu mahakamani.

Saa tano na robo shangazi aliitwa. Nikatazama saa yangu. Kuandika nambari, picha kutokea, mawakala kutikisa vichwa, fomu kujazwa, sahihi: dakika nne. Alikuwa amekaa kwenye dawati la mtoto zaidi ya saa mbili akingojea kazi ya dakika nne. Akapewa karatasi tano badala ya sita, jambo nitakalolirudia, akaingia kwenye kibanda, akatoka, akatiwa wino kwenye kidole ambacho muda mfupi nyuma hakikuwa na maana yoyote.

Lakini benchini mmoja wa wale mafundi hakuwapo tena. Nilikuwa nimemwona akiondoka. Aliangalia simu yake mara mbili, akamwambia mwenzake, "Mi' naenda Mtwapa, yule mtu hangoji," akavuta suruali, akapita langoni mbele ya askari aliyempungia mkono. Serikali ilitangaza sikukuu, kweli, lakini kibarua cha siku hakina sikukuu. Hakuna aliyemwita, na hakuna aliyeandika chochote.

Kwangu mimi kiini cha habari hii ni yule fundi, kuliko hata shangazi. Fomu 34A, ile ya matokeo ya urais inayobandikwa mlangoni, ina nafasi ya idadi ya waliojiandikisha, ina nafasi ya kura halali, ya zilizoharibika, ya zilizobishaniwa. Haina nafasi ya mtu aliyekuja, akapanga foleni, akakataliwa kidole, akaondoka. Mtu huyo kwenye hesabu ni sawasawa na aliyelala nyumbani akitazama mpira. Jioni wachambuzi wanaketi kwenye televisheni na kusikitika kwamba Wakenya wamechoka na siasa, kwamba Pwani haina mwamko, kwamba vijana hawajali. Kati ya watu 22,120,458 waliokuwa kwenye sajili, waliopiga kura ni kama asilimia 65. Waliobaki, zaidi ya milioni saba na nusu, wametiwa wote kwenye gunia moja linaloitwa "hawakujitokeza". Fundi yule alijitokeza. Nilimwona kwa macho yangu amejitokeza.

Sasa tufanye hesabu ya darasa la nne. Kituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Hizo ni dakika 660. Wapiga kura wa kituo wanaweza kufika 700, na kifaa cha kuwatambua ni kimoja. Kwa hiyo wote wakija, kila mmoja ana sekunde zisizofika 60 za kutambuliwa, na hiyo ni kama kifaa kimeamka salama, kama betri haijalegea, kama hakuna bibi mwenye vidole vya korosho. Sheria inamlinda aliye kwenye foleni kituo kinapofungwa, atapiga kura hata giza likiingia, na kituo kilichochelewa kufunguliwa hufidiwa muda. Vizuri. Lakini hesabu yenyewe inasema kitu ambacho hakuna mkubwa atakisema hadharani: kituo kimepangwa kwa matumaini kwamba watu wote hawatakuja. Foleni ndefu ni matunda ya mpango huo, na kuiita ajali ni kujidanganya.

Tena foleni ina bei, na bei yake haifanani kwa wote. Saa tano za mtu wa mshahara ni saa tano za mapumziko. Saa tano za mtu wa kibarua ni mlo wa jioni. Ukijumlisha na ukweli kwamba mashine hukataa zaidi mikono inayofanya kazi ngumu, unapata mchujo ambao hakuna aliyeupanga kwa nia mbaya, na bado unachuja upande mmoja.

Mtu ataniuliza, hao wachache wana uzito gani? Nitamjibu kwa takwimu zilizotangazwa. Mshindi wa urais alimpita mpinzani wake kwa kura 233,211. Vituo vya kura vilikuwa 46,229. Gawanya: ni kura tano kwa kila kituo. Kwenye madawati yetu ya darasa la kwanza walikuwa wameketi watu saba. Sidai matokeo yangegeuka. Mafundi wa mjengo hawampigii mgombea mmoja eti kwa sababu wote wana simenti mikononi, na yule mgema na yule dobi walikuwa wakibishana juu ya wagombea hadi askari akawanyamazisha. Ninachosema ni kwamba nchi iliyoamuliwa kwa wastani wa kura tano kila chumba haiwezi kuwachukulia watu saba wa benchini kama vumbi la kufagia.

Mahakama ya Juu ililigusa jambo hili, na namna ilivyoligusa inafundisha. Uamuzi wa Septemba 5, 2022 ulieleza kwamba vifaa vilikwama katika vituo 235, na wapiga kura 86,889 wakaruhusiwa kupiga kura kwa sajili ya karatasi, Fomu 32A zikajazwa ipasavyo. Angalia idadi hiyo ilivyo kamili: elfu themanini na sita, mia nane themanini na tisa. Hata mmoja hakupotea. Wamejulikana kwa sababu fomu ilikuwapo ya kuwajua. Walioondoka kabla karatasi hazijafika, maana Kakamega na Makueni watu walisimama saa kadhaa wakingoja idhini, hawana idadi kamili wala ya kukadiria. Mahakama hupima kilicholetwa mbele yake. Ambacho hakikuandikwa hakiwezi kuletwa.

Hapa nirudi kwenye karatasi ya sita. Mkesha wa kura tuliambiwa kwamba uchaguzi wa gavana Mombasa na Kakamega umeahirishwa, kwa kuwa karatasi zilizochapishwa zilikuwa na picha na maelezo yasiyo ya wagombea wetu. Karatasi ya gavana, ile ya samawati, haikuwapo. Tarehe ikapangwa, ikasogezwa tena, mwishowe ikawa Agosti 29. Waliopinga matokeo ya urais walidai kwamba ahirisho hilo liliwavunja moyo wapiga kura wa kaunti hizo. Mahakama ikajibu kwamba hayo hayakuthibitishwa, kwamba lilikuwa kosa la kweli lisilo na hila, ingawa lingeepukika kama wafanyakazi wa tume wangekuwa makini zaidi walipokwenda Athens, Ugiriki, kukagua vielelezo vya uchapishaji. Yaani mtu alipanda ndege hadi Ugiriki kutazama karatasi, akazitazama, akarudi.

Kwamba madai hayakuthibitishwa, nakubali. Mimi si wakili, na majaji saba walikuwa kauli moja. Lakini jiulize yangethibitishwa vipi. Ungemtafuta nani aje kuapa kwamba hakupiga kura ya rais kwa sababu karatasi ya gavana haikuwapo? Ungempata wapi fundi wangu wa Mtwapa?

Wazee waliozaliwa kabla yangu hucheka nikilalamikia foleni, maana wao waliwahi kupiga kura kwa foleni yenyewe. Mwaka 1988, kwenye mchujo wa KANU, chama pekee kilichoruhusiwa wakati huo, watu walipangwa mistari nyuma ya wagombea au picha zao, mchana kweupe, chifu akitazama. Huo ndio uliokuwa mlolongo. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alikuwa amepita moja kwa moja, na zipo sehemu ambako mstari mfupi ulitangazwa mshindi huku mrefu ukitazama. Baba yangu alikuwa akisema kwamba siku ile alijifunza kuwa mtu anaweza kuonekana na kila mtu na asihesabiwe. Sasa tumetoka huko, tuna kura ya siri, tuna kifaa chenye kamera, na bado kuna mstari uliosimama ambao hauhesabiwi.

Kuna wanaosema dawa ni kutupa mashine tukarudi kwenye daftari. Hapana. Nakumbuka ripoti ya tume ya Kriegler, iliyouchunguza uchaguzi wa 2007, jinsi ilivyokuta maeneo ambako idadi ya waliopiga kura haikuingia akilini, na majina ya marehemu yakiwa bado kwenye sajili. Nakumbuka pia 2013, mashine zilipozimika kwa kukosa umeme madarasani, makarani wakafungua vitabu, na mabishano yaliyofuata. Daftari tupu lina wenyewe, na wenyewe si shangazi yangu. Mashine ibaki. Sasa kuna mazungumzo ya kutumia mboni ya jicho pale kidole kinaposhindwa, na wazo lenyewe si baya. Shangazi nimemsimulia. Ana mtoto wa jicho, akasema Mungu ni mkubwa.

Ninachotaka ni kidogo, na cha bei nafuu kuliko tiketi ya Athens. Kila kituo kiwe na karatasi moja zaidi: waliokuja kidole kikakataa ni wangapi, walisubiri muda gani, waliopiga kura baadaye ni wangapi, walioondoka ni wangapi. Mawakala watie sahihi kama wanavyotia kwenye matokeo, ibandikwe mlangoni palepale. Na makarani wafunzwe jambo moja hadi waliote usingizini: nambari ya kitambulisho huandikwa papo hapo, bila kumpigia simu mtu yeyote. Katiba, ibara ya 86, inataka upigaji kura uwe rahisi kabla hata haijataja kwamba uwe sahihi na salama. Tume mpya iliapishwa Julai 2025 na uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Muda wa kuchapisha karatasi moja upo, na hii haihitaji picha ya mtu.

Agosti 29 niliamka mapema nikamgongea shangazi mlango. Alikuwa ameketi barazani na ungo mapajani. Nikamwambia leo ni gavana, twende, foleni haitakuwa ndefu. Akanionyesha kile kidole. Wino ulikuwa umebaki kidogo kwenye mzizi wa ukucha. "Mimi nimeshapiga," akasema. "Wao ndio hawakuleta karatasi. Wakitaka, waje nayo hapa."

Nikaenda peke yangu. Uwanja wa shule ulikuwa mtupu, muuza mahamri hakuwapo, makarani wawili walikuwa wakisinzia, na kifaa kikasoma kidole changu kabla sijakikandamiza. Nilikuwa nje kabla ya dakika kumi. Kesho yake nilipita pale nikasoma fomu ya matokeo iliyobandikwa mlangoni: waliojiandikisha idadi fulani, kura halali idadi fulani ndogo mno. Shangazi alikuwa mle katikati ya namba hizo mbili, pamoja na fundi, pamoja na waliokuwa wakitazama mpira.

Niliporudi nikamkuta palepale barazani.

"Waliniulizia?"

"Hapana, Shangazi."

"Basi nipishe mwanga," akasema, akaendelea kuchambua mchele.